Wa Lweru huyo

Mei mwaka jana, saa tatu usiku, binamu yangu alinipigia simu kutoka Muleba. Mimi nilikuwa Bukoba mjini, nimeshakula, nimejilaza na kitabu. Hakuanza na salamu, na kwetu mtu akikupigia bila salamu ujue nyumba inaungua au kuna msiba.

"Kaka, kuna chatu bandani. Ameshameza mbuzi mmoja. Vijana wamekuja na mapanga. Wewe ndiye unayesomasoma mambo haya, niwaambie nini?"

"Waambie wasimguse," nikasema.

"Sawa. Mbuzi utanilipa wewe?"

Swali lake lilikuwa la haki kabisa, na sikuwa na jibu. Nilimwomba anipe nusu saa. Ninachoandika hapa ni kile ambacho ningemweleza kama nusu saa ingetosha, na kama mtu aliyepotelewa na mbuzi angekuwa na hamu ya kusikiliza historia.

Nianze na Bibi. Mwaka 1989 nilikuwa darasa la nne, tukaenda kwake likizo ya Juni, kijijini chini ya Kamachumu, upande ule unaoteremka kuelekea ziwani. Kibanja chake kilikuwa kama vibanja vingine: migomba juu, mibuni chini yake, maharage katikati, na ardhi yote imefunikwa matandazo ya nyasi zilizokatwa rweya. Mwisho wa kibanja palikuwa na kichuguu kikuukuu chenye shimo ubavuni. Likizo ile Bibi alitukataza kwenda huko kuokota kuni. Hakusema kwa nini. Alisema tu kuni za upande ule zina moshi.

Wiki ya pili baba mdogo akaja kutoka Mwanza. Yeye hakuambiwa habari za moshi. Akaenda kukata mgomba, akarudi anakimbia, akaita majirani. Chatu alikuwa amejizungusha mdomoni mwa shimo, na hakukimbia. Nimekaa na jambo hilo miaka mingi: hakukimbia. Walimuua kwa mkuki na mapanga, na sisi watoto tulirusha mawe. Langu lilimpata. Walipomvuta pembeni wakakuta mayai, meupe, yameshikana kama yamegundishwa. Tuliyahesabu kwa shangwe, thelathini na kitu.

Bibi alikuja akiwa na jembe mkononi. Hakugomba. Aliketi chini pale pale, miguu ameinyoosha, kama wanavyoketi wanawake kwenye matanga. Kisha akamwambia baba mdogo achimbe, amfukie pamoja na mayai yake, wasimchome moto. Baba mdogo akacheka, lakini akachimba. Jioni Bibi aliongoza rozari kama kawaida, matendo yote, hakuruka hata moja. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye, nikamuuliza kwa nini alikuwa anajua na hakusema. Akanijibu maneno matatu tu: "Wa Lweru huyo."

Lweru ni ziwa letu, lile ambalo ramani inaliita Victoria. Bibi alifariki kabla sijafikia umri wa kujua kuuliza maswali. Alichoniachia ni hayo maneno matatu, na ukweli kwamba kwa wiki nzima, pengine mwezi, alikuwa akiishi na chatu mwishoni mwa kibanja chake, anamlinda na wajukuu zake na anawalinda wajukuu zake naye. Sijui neno bora la hali hiyo kuliko kufuga, ingawa hakumfungia wala hakumlisha.

Nilipokuwa mtu mzima nikaanza kutafuta chatu wa ziwa kwenye vitabu. Nilimpata, lakini si upande wetu. Nilimpata ng'ambo ya mpaka, Buddu, sehemu ambayo leo ni Masaka, Rakai na Kyotera nchini Uganda. Kitabu ni cha John Roscoe, mmisionari wa Kianglikana, kinaitwa The Baganda, kilichapishwa mwaka 1911, na habari zake nyingi alizipata kwa msaada wa Apolo Kaggwa, Katikiro wa Buganda. Ni kitabu kikavu. Roscoe anaorodhesha miungu ya Buganda mmoja baada ya mwingine kama karani wa ghala anayehesabu magunia. Halafu ghafla anafika kwa Selwanga, na Selwanga ni chatu.

Anayemzungumzia ni chatu mwenye mwili, wala si sanamu wala mzimu. Alikuwa na hekalu lake Buddu, karibu na ziwa, nyumba ya msonge yenye tundu ubavuni la yeye kutokea. Watunzaji wake walikuwa watu wa ukoo wa Moyo. Palikuwa na mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kumpa maziwa kila siku, amemshikia bakuli la mti. Kuku na mbuzi wadogo walifungwa kando ya mto kwa ajili yake, akitoka anawakuta. Mwezi ulipoandama watu walipumzika kazi siku saba, wakaja wenye shida zao, hasa wenye ndoa changa waliokuwa wanatafuta mtoto, maana Selwanga ndiye aliyekuwa mtoaji wa watoto. Kuhani akipandwa alilala kifudifudi, akajinyonganyonga kama nyoka na kutamka maneno yasiyoeleweka, na mtu mwingine akayatafsiri.

Mimi habari za kuhani hazikunishangaza sana. Mtu aliyekulia Kagera ameshasikia habari za watu kupandwa. Kilichonisimamisha ni sentensi nyingine, ya ukoo. Roscoe anasema Selwanga alikuwa na dada, Nalwanga, naye chatu, na Nalwanga ndiye alikuwa mke mkuu wa Mukasa. Mukasa ndiye bwana wa ziwa, mwenye visiwa vya Ssese, mtoa samaki, mtuliza mawimbi. Kwa hiyo chatu ni shemeji wa ziwa.

Na Mukasa sisi tunamjua. Kwetu anaitwa Mugasha. Mzee yeyote wa Buhaya atakutajia Mugasha wa maji na dhoruba, pamoja na Wamara wa wafu, Irungu wa porini na Kazoba wa jua. Wavuvi walimtolea kabla ya kuingiza mtumbwi majini. Lile jina halikusimama Mutukula kuonyesha pasi.

Hapa msomaji makini atanishika shati, na ana haki. Unaweza kuchukua hekalu la Buddu ukalitumia kueleza maneno ya bibi kizee wa Muleba? Mwalimu wangu wa historia angenikata alama. Ushahidi wa Buddu ni wa Buddu. Lakini na mpaka wenyewe tuutazame. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 ulichora mstari wa nyuzi 1 kusini mwa ikweta, ukapita juu ya maji na juu ya nchi kavu, kwa rula. Aliyechora hakuwa amewahi kukaa kwenye mtumbwi wa Kiziba. Kabla ya hapo watu, chumvi, kahawa, vyuma, wake na miungu vilipita kaskazini na kusini bila kuulizwa. Kwa hiyo sisemi Muleba palikuwa na hekalu la Selwanga. Nasema tu kwamba mtu wa pwani hii ya magharibi, akisema chatu ni wa ziwa, hakuwa anabuni. Alikuwa anataja undugu ambao majirani zake waliujengea nyumba.

Magharibi zaidi, Nkore, Roscoe huyohuyo aliandika katika kitabu cha mwaka 1915 kwamba wafalme wakifa waliaminiwa kugeuka simba, wake zao chui, na wana na mabinti wao nyoka. Yaani ukikutana na nyoka mkubwa porini, ni vizuri kufikiri mara mbili: huenda ni mtoto wa mfalme.

Sasa, kwa nini upande wetu pakawa kimya? Nina jibu la nusu. Mwaka uleule wa 1890, mwezi Novemba, Emin Pasha alifungua kituo cha Wajerumani Bukoba. Alikuwa na Franz Stuhlmann, mtaalamu wa wanyama. Emin mwenyewe alikuwa mpenzi wa ndege, mtu wa kuchuna ngozi na kuandika vibandiko. Walikusanya vyote walivyoweza, na mizigo ikaenda Ujerumani. Mwishoni mwa miaka ya 1890 Gustav Tornier wa makumbusho ya Berlin akachapisha kitabu kizima kuhusu wanyama watambaao wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Humo nyoka ana jina la Kilatini, idadi ya magamba na mahali alipookotwa. Jamaa zake hawatajwi. Sisemi ni kosa. Tornier alikuwa anafanya kazi yake, na bila watu kama yeye tusingejua hata ni nyoka gani wanaishi msitu wa Minziro, ambako wa misitu ya Kongo wanakutana na wa kwetu. Lakini kwenye chupa ya pombe kali hakuna nafasi ya shemeji.

Halafu mwaka 1892 wakaja Mapadre Weupe, wakajenga Kashozi. Hapa sihitaji kitabu. Nimekulia chini ya sanamu ya Bikira Maria mwenye joho la buluu, mguu wake umekanyaga kichwa cha nyoka. Kila Jumapili, utoto wangu wote, nilimwangalia yule nyoka kuliko nilivyomwangalia padre. Alichongwa vizuri, mdomo wazi, na kwa umbo alikuwa mnene kuliko swila na mwembamba kuliko chatu; nyoka wa nchi za watu. Bibi alipiga goti mbele ya sanamu hiyo miaka yote. Na bado kichuguu chake akakitunza. Wako wanaoita hali hiyo unafiki, au dini nusunusu. Mimi naona alikuwa na nyoka wawili kichwani, wa kanisani na wa ziwani, na hakuona sababu ya kuwachanganya.

Kuna mtu mmoja ambaye angeweza kutusaidia, naye ni Hans Cory, mzaliwa wa Vienna, aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya Tanganyika. Mwaka 1945 alitoa pamoja na Hartnoll kitabu kikubwa cha sheria za kimila za Wahaya: ardhi, mirathi, ndoa, nyarubanja. Mawakili wamekitumia kwa miongo. Mwaka uliofuata, 1946, katika jarida la Africa, Cory huyohuyo alichapisha makala kuhusu Buyeye, chama cha siri cha wacheza nyoka wa Usukuma. Pale anaandika habari za kuingizwa chamani, dawa, chanjo za kuchanjwa mwilini dhidi ya sumu, na ngoma. Ndivyo kumbukumbu za taifa zinavyoandikwa. Serikali ilipofika kwa Msukuma ilikuta nyoka ikavutiwa. Ilipofika kwa Mhaya ilikuta kesi za mashamba, na Mungu anajua zilikuwa nyingi, basi ikaandika mashamba.

Bayeye hawakuwa wageni kwa wazungu hata kabla ya Cory. Mwaka 1926 msafara wa Smithsonian, uliogharamiwa na Chrysler wa magari, ulikuja Tanganyika kukamata wanyama hai kwa ajili ya bustani ya wanyama ya Washington. Mmoja wao, F. G. Carnochan, aliwagundua watu wa nyoka wa Unyamwezi, na mwaka 1935 akatoa na mwenzake kitabu, The Empire of the Snakes. Kinasomeka kama riwaya ya kituo cha basi, na ninashauri usomaji wa mashaka. Lakini kinaonyesha kitu kimoja wazi: nyoka aliyekuwa na chama, walimu na wanafunzi hakuweza kupuuzwa.

Na hapa kanisa lilifanya jambo ambalo sikulitarajia. Bujora, karibu na Mwanza, padre David Clement, wa shirika lilelile la Mapadre Weupe, alijenga kanisa na makumbusho ya Wasukuma katika miaka ya 1950 na 1960, na sikukuu ya Bulabo ikaunganishwa na Ekaristi Takatifu. Kwenye mashindano yale ya ngoma, wachezaji wanaingia na chatu mabegani. Nimewaona. Mchezaji mmoja alimwinua chatu wake mbele ya umati, na masista walikuwa wanapiga makofi. Nilisimama pale nikafikiria Bibi angesema nini. Nadhani angeuliza kama yule mnyama amepewa maji.

Hata ukienda Afrika Magharibi, mjini Ouidah, Benin, hekalu la chatu lipo mpaka leo, na mbele yake, upande wa pili wa uwanja, ndipo palipo basilika ya Kikatoliki. Vinatazamana. Watalii wanavishwa chatu shingoni, wanapiga picha. Ni chatu mdogo, mpole, yule anayejikunja kama mpira. Na ndiye huyohuyo ambaye nchi za eneo lile, Benin, Togo na Ghana, zimekuwa zikimsafirisha kwa wingi kwenda Ulaya na Marekani kuwa mnyama wa nyumbani.

Nikiri kwamba kitabu nilichokuwa nasoma usiku ule binamu aliponipigia kilihusu mambo hayo: Wamarekani wanaofuga nyoka. Kuna mmoja wanampenda sana, nyoka mfalme wa milimani, wa Arizona na California, mwenye pete nyekundu, nyeusi na nyeupe mwili mzima, hana sumu. Watu wanampandia milimani kumtazama chini ya mawe, na wengine wanamzalisha ndani ya masanduku ya kioo yenye joto lililopimwa. Anaitwa mfalme kwa sababu jamii yake hula nyoka wengine, hata wenye sumu. Nilikuwa natabasamu peke yangu. Wenzetu wamempa nyoka ufalme kwa ajili ya chakula chake. Jirani zetu walimpa ukoo.

Simcheki mfugaji wa sanduku la kioo. Anajua vitu ambavyo kuhani wa Selwanga hakuvijua, kwa mfano kwamba nyoka hana haja ya maziwa. Akiwa na kiu atakunywa chochote cha majimaji, lakini chakula chake ni nyama. Wataalamu wamejifunza mengine pia. Mwaka 2018 Graham Alexander, wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, alichapisha matokeo ya kufuatilia chatu wa kusini mwa Afrika mashimoni: mama huyalalia mayai bila kula, na yakishaanguliwa hubaki na watoto kama wiki mbili hivi, usiku wanajikusanya kwenye mikunjo yake kuota joto. Nilisoma habari ile nikakumbuka kwamba yule wetu hakukimbia. Nilifunga kompyuta, nikatoka nje kidogo.

Kwetu biashara ya nyoka hai ilikuwepo pia. Tanzania iliingia mkataba wa CITES mwaka 1979, na chatu yumo kwenye orodha ya wale ambao biashara yao lazima iwe na kibali. Vinyonga, kobe na nyoka viliendelea kupanda ndege kihalali na kwa njia za panya, hadi mwaka 2016 serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Sina huzuni nayo. Ila nimegundua kuwa njia zote hizi, chupa ya Berlin, sanduku la Washington na zuio la 2016, zinamhusu nyoka anayeondoka. Anayebaki, aliye bandani kwa mtu saa tatu usiku, hana karatasi yoyote inayomzungumzia isipokuwa sheria inayosema ni mali ya serikali.

Nusu saa ikaisha. Nikampigia binamu.

Sikumwambia habari za Selwanga. Nilimwambia mambo ya kawaida: awatoe mbuzi wengine, taa izimwe, vijana warudi nyuma, mlango uachwe wazi upande wa bondeni. Chatu akisumbuliwa baada ya kumeza anaweza kumtapika mbuzi wako, na mbuzi aliyetapikwa hauzi. Akiachwa ataondoka polepole. Kesho uwaone watu wa wanyamapori wilayani.

"Kifuta machozi ni cha tembo," akasema. "Mimi nitaambiwa nini? Wewe unaongea kama Bibi."

"Bibi alikuambia kitu?"

Akanyamaza kidogo. Nilisikia watu wanabishana nyuma yake, na mbwa. "Alituambia kuni za kule zina moshi," akasema.

Alikuwa na miaka minane mwaka ule. Hatujawahi kuzungumza jambo hilo, hata siku moja, kwa miaka thelathini na zaidi. Nilimuuliza kama anakumbuka walipofukiwa. Akasema anakumbuka, pamelimwa, kichuguu kilishasawazishwa, migomba ya pale iliugua mnyauko ikang'olewa, sasa kuna mihogo.

Asubuhi alinitumia picha. Banda tupu, na kwenye matandazo mburuzo mpana kama wa gunia, umepita kati ya mihogo ukashuka bondeni kwenye mafunjo, kuelekea ziwani. Hakuna mtu kwenye picha, isipokuwa kidole cha binamu pembeni ya kioo cha simu.

Chini yake ameandika: "Kaenda zake. Mbuzi laki na ishirini, alikuwa na mimba."

Nimetuma kwa simu, pamoja na ya kutolea.